Koki ya Upande wa Kulia

Jumatatu, 8 Januari
Kuona chini ya maji: mita 11. Mkondo: hafifu.

Msimu umefunguka leo. Mto umeacha kuleta tope, na tuna wiki tisa, au kumi tukibahatika, kabla mvua hazijarudi kuyachafua maji ya ghuba. Kipimo cha kuona nitakiandika juu ya kila siku, kama ninavyofanya kwenye daftari la kazi. Tofauti ni kwamba daftari la kazi ni la ofisi, na hili ni langu.

Kazi tuliyopewa ni kupima upya mabaki yote ya meli iliyozama hapa ghubani na kuchora mchoro mpya. Mchoro unaotumika una umri wa miaka ishirini na mmoja. Aliuchora Mkuu wa kituo chetu cha hifadhi mwenyewe, enzi bado anazamia. Tarehe 9 Machi bamba la zege litashushwa kando ya meli, ili wageni wanaozamia kuitazama waisome historia yake hukohuko chini. Maneno yameshapitishwa na kamati. Nimepewa nakala nipange ukubwa wa herufi.

Mstari wa tano unasema: "Ilizama kwa uzembe wa fundi wa mitambo, aliyefungua koki isiyostahili."

Fundi huyo alikuwa babu yangu, baba yake mama. Hapa kazini hakuna anayejua. Nimepanga herufi: sentimita nne kila moja.

Jumanne, 9 Januari
Kuona: mita 11.

Tumetandika kamba ya kupimia kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma. Mita sitini na mbili na nusu.

Alhamisi, 11 Januari
Kuona: mita 11.

Habari ya meli hii nimekua nikiisikia vipandevipande, aghalabu watu wakidhani siwasikii. Ngoja niiandike mara moja, kwa mpangilio.

Miaka hamsini na minne iliyopita, meli ya abiria na mizigo ambayo watu waliibatiza Bibi Chuma iliingia ghuba hii alfajiri, katika dhoruba. Magunia ya saruji yaliteleza yakaegemea upande wa kushoto, na meli ikainamia kushoto. Hilo waliopona wote wanakubaliana. Chini, kwenye chumba cha mitambo, kulikuwa na koki mbili kubwa za kuingiza maji kwenye matangi ya ubavuni, moja kila upande. Meli ikiinamia kushoto, fundi hufungua koki ya kulia, ubavu huo nao uwe mzito, meli isimame sawa. Babu alionekana mara ya mwisho akishuka ngazi kwenda huko. Meli ikapinduka. Walikufa watu thelathini na wanane, yeye akiwa mmoja wao.

Tetesi zilianza wiki hiyohiyo: fundi kafungua koki ya upande ulioinama, kaimaliza meli. Miaka thelathini na mitatu baadaye Mkuu alizamia, akaingia chumba cha mitambo, akakuta koki moja iko wazi na nyingine imefungwa. Iliyo wazi akaichora kushoto. Tetesi ikapata mhuri.

Mama alikuwa na miaka tisa meli ilipozama. Shuleni walimwita Koki. Aliacha shule darasa la sita, akaenda kujifunza cherehani.

Historia hiyo imo kwenye kijitabu kinachouzwa getini. Sijawahi kukipeleka nyumbani.

Jumatatu, 15 Januari
Kuona: mita 10. Samaki wengi kuliko kazi.

Ijumaa, 19 Januari
Kuona: mita 10.

Kiongozi wa wazamiaji wetu anaitwa Sajenti, ingawa hajawahi kushika bunduki; ni mwendo wake tu. Mimi wananiita Futikamba.

"Futikamba," aliniambia leo kwenye boti, "siku ukifa tukuzike kwa vipimo gani?"

"Mita mbili kwa sentimita tisini. Mkizidisha hata moja nitatoka nije kuwauliza."

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Huyu hata akhera ataanza kwa kupima mlango."

Jumatatu, 22 Januari
Kuona: mita 10.

Leo kuna jambo. Nitaliandika polepole.

Meli imelala chini juu. Ilivyopinduka ndivyo ilivyotua: sitaha imezama mchangani, na mkuku, ule uti wa mgongo wake, uko juu. Leo nilikuwa napima ubavu wenye mlango wa abiria, mlango mpana wa chuma wenye bawaba tatu. Kwenye mchoro wa Mkuu mlango huo uko kushoto. Nikapima, nikaandika: kushoto.

Nimetoka majini, nakunywa chai huku meno yakigongana, ndipo nikakumbuka picha iliyotundikwa ukumbini kwetu. Ni meli ikiwa bado nzima, abiria wamejazana kwenye mlango huo, na omo imeelekea mkono wa kulia wa anayetazama. Sasa, kitu kikikupita kikielekea kulia kwako, ubavu unaouona ni wake wa kulia. Nimejaribu kwa boti. Nimejaribu kwa kiatu. Nimejaribu kwa mbuzi wa mlinzi, ambaye hakupendezwa. Kila mara ni kulia.

Nimerudi majini nikauzunguka ubavu wa pili mara mbili. Hauna mlango. Mlango ni mmoja tu.

Mlango wa kulia umefikaje kushoto?

Jumanne, 23 Januari
Kuona: mita 10.

Nimemuuliza Mkuu. Hakuinua kichwa kwenye karatasi zake.

"Picha ile ilichapwa kinyume," alisema. "Mambo ya zamani hayo, binti. Mpiga picha aliweka filamu nje ndani. Niliwahi kuliona hilo zamani sana."

Nikasema ahsante Mkuu. Anazungumza kwa upole, na upole wake una uzito wa mlango.

Jumatano, 24 Januari
Kuona: mita 9.

Kabla wenzangu hawajafika nimepanda kiti ukumbini na kioo cha kukuzia. Jina la meli limeandikwa ubavuni, nyuma kidogo ya mlango. Linasomeka sawasawa, herufi kwa herufi. Picha iliyochapwa kinyume husomeka kama maandishi kwenye kioo cha kunyolea.

Picha haina kosa.

Jumatatu, 29 Januari
Kuona: mita 9.

Nyumba yetu ni vyumba viwili. Cha mbele ni cha mama: cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja, na misumari ukutani iliyobeba nguo za watu. Jioni niliutandaza mchoro wa Mkuu mezani kwake kwa sababu ndiyo meza pekee inayoutosha. Nikasema ni kazi ya ofisini. Mama hulijua hilo neno; kwetu likitajwa huwa tumeshaelewana kwamba halitaongezewa lingine.

Alikuwa anakata mikono ya gauni. Akasogea akatazama, mkasi mkononi.

"Aliyechora alikuwa wapi?"

"Juu yake. Alikuwa anaelea."

"Na chombo kimelalaje?"

"Chini juu."

Akachukua vipande viwili vya mikono, akavilaza mbele yangu, kitambaa nje ndani. "Nionyeshe mkono wa kushoto."

Nikaonyesha. Akakigeuza kile kipande upande wake wa kuvaliwa. Kikawa mkono wa kulia.

"Mwanafunzi wa kushona asipolijua hili hukata mikono miwili ya kushoto," alisema. "Mimi nilikata, wiki yangu ya pili, tena kitambaa cha bibi harusi. Fundi wangu hakunipiga. Alinivalisha lile gauni nikashinda nalo dukani mpaka jioni, kila mteja ananiuliza mkono wangu umepatwa na nini."

Akaunyanyua mchoro, akaugeuza, akaushikilia dirishani kwenye mwanga. Meli ikaonekana kwa nyuma ya karatasi. Mlango ulikuwa kulia. Na ile alama ndogo ya koki iliyo wazi nayo ilikuwa kulia.

Mama aliitazama kwa muda ambao mtu huchukua kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akanirudishia karatasi.

"Huyo wa kwenu kakata mikono miwili ya kushoto. Haya, toa makaratasi yako, nina kazi ya watu."

Alhamisi, 1 Februari
Kuona: mita 9. Nimemweleza Sajenti. Ameelea juu ya mkuku dakika nzima, kisha akageuka chali humohumo majini kama mtu anayejaribu kitanda. Alipotoka alisema, "Lo. Na mimi nimeingia humo mara mia."

Jumanne, 6 Februari
Kuona: mita 8. Ndani ya meli: urefu wa mkono.

Sikutaka mtu aseme nimeona ninachotaka kuona. Kwa hiyo tulifanya hivi. Sajenti alifunga kamba nyeupe kwenye bawaba ya mlango wa abiria. Tukaivuta ubavuni kwa nje, tukaingia nayo kwenye ufa wa chumba cha mitambo, tukafuata ukuta wa upande uleule bila kuvuka kwenda wa pili. Kamba haina maoni.

Ndani, sakafu iko juu ya kichwa. Ngazi inashuka kwenda angani. Mapovu yetu yalikusanyika kwenye vyuma vya juu yakawa kama kioo kinachotikisika. Koki ziko hapo, kila moja na gurudumu lake. Koki ikiwa wazi, mti wa gurudumu huchomoza. Ikifungwa, huzama ndani. Kwenye upande ulioishia kamba nyeupe mti umechomoza, sentimita kumi na nane. Upande wa pili umezama wote.

Koki iliyo wazi iko upande wa mlango, na mlango uko kulia.

Alifungua ilivyotakiwa. Alikuwa amechelewa tu, au saruji ilikuwa nzito kuliko maji.

Nililishika lile gurudumu. Nililishika kwa mikono yote miwili, na kwa hilo sikuwa na kipimo cha kuchukua. Sajenti alinisubiri akitazama pembeni. Dakika mbili hizo hazimo kwenye daftari la kazi.

Ijumaa, 9 Februari
Kuona: mita 8.

Nimempelekea Mkuu ripoti: kurasa nne, mchoro mpya, picha sita za kamba, sahihi yangu na ya Sajenti. Alisoma yote. Hilo nitamhesabia, wengine wangesoma ukurasa wa kwanza. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Binti, mimi nilichora meli hii wewe ukiwa umevaa sare ya shule."

"Ndiyo, Mkuu. Na ulikuwa juu yake, nayo iko chini juu."

"Kamati imeshapitisha maneno."

"Ilipitisha maneno kwa kufuata mchoro."

"Bamba limeshamwagwa. Zege imeshakauka."

"Nimeliona. Nilipanga herufi zake."

Alitabasamu kidogo, kama mtu anayemvumilia mgonjwa. "Chombo kile kina vitu elfu moja. Kwa nini umeshupalia koki moja?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni usahihi wa kazi, na nisingekuwa nimesema uongo. Lakini niliona uchovu wa ghafla, wa miaka yote ya kukaa ofisini humo nikisikia wageni wakisomewa kile kijitabu, nikiwachapishia tiketi.

"Kwa sababu aliyeifungua ni babu yangu mzaa mama."

Mkuu akavaa miwani tena, taratibu, sikio moja, la pili.

"Basi tuishie hapo," alisema. "Nilidhani ni kazi, kumbe kesi ya ukoo."

"Kamba nyeupe haina ukoo, Mkuu."

"Nenda nyumbani. Jumatatu tutazungumza."

Jumatatu, 12 Februari
Kuona: sijui.

Hatukuzungumza. Nimekuta barua juu ya meza: kwa sababu ya mgongano wa maslahi, hadi mwisho wa msimu nitahesabu na kupanga vifaa vya stoo. Nimeanza na mapezi ya miguuni. Yako ishirini na tisa. Sijui ni nani anazamia na mguu mmoja.

Jumanne, 13 Februari
Kuona: mita 8. Sajenti amepita nje ya dirisha la stoo, akapiga mluzi, akainua vidole vinane. Tumekubaliana atafanya hivyo kila siku.

Ijumaa, 16 Februari
Vidole saba.

Jumanne, 20 Februari
Kuona: mita 7.

Adhabu ya stoo ina faida yake: vitu visivyotakiwa na mtu huishia stoo. Kwenye sanduku la nyaraka kuukuu nimepata kanuni za hifadhi ya mabaki ya meli. Nimezisoma zote, ndiyo tabia yangu. Kanuni ya kumi na nne inasema maneno yoyote yatakayowekwa kwenye mabaki yanaweza kupingwa na mzazi, mke, mume au mtoto wa mtu aliyefia humo, akifika mwenyewe kabla bamba halijashushwa. Likipingwa halishushwi mpaka kamati imsikilize.

Wajukuu hawamo. Babu alizaa watoto watatu. Aliyebaki ni mama.

Nimemsomea jioni. Alikuwa anapiga pindo.

"Si uende wewe," alisema.

"Wajukuu hawamo."

"Basi hakuna aliyemo."

Jumamosi, 24 Februari
Kuona: mita 6.

Nimegombana na mama. Nitaandika nilivyosema, hata yale yasiyonipendeza.

Nilimkumbusha kwamba zimebaki wiki mbili. Akasema kalenda anayo. Nikasema yeye mwenyewe aliishika karatasi dirishani, aliona.

"Niliona. Sasa?"

"Sasa unajua hakukosea."

"Kwani wewe unadhani mimi nilikuwa sijui?" Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. "Nilikuwa sina karatasi tu."

"Basi njoo useme."

"Unajua waliniitaje shuleni?"

"Najua."

"Hujui. Neno unalijua. Hujui lilivyo likisemwa na watoto arobaini kwa mpigo, mwalimu akicheka. Nimeshona miaka arobaini na tisa katika mji huu. Mtu akinitaja leo anasema, yule mama anayejua kola. Nimewasahaulisha mwenyewe, kwa mikono hii. Wewe unataka nikawakumbushe."

Hapo ndipo nilipotamka maneno mabaya. Nilisema anamwacha baba yake chini mara ya pili.

Cherehani ikanyamaza.

"Usinifundishe kumpenda baba yangu," alisema. Hakupandisha sauti. "Nilimpenda mji mzima ukimtukana, nikiwa na miaka tisa na mapengo mawili mbele. Wewe umeanza juzi, tena kwa mshahara."

Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza. Miaka yote nimemchukulia mama kuwa mtu mwoga aliyenyamaza. Sijawahi kufikiri kwamba kunyamaza nako kunaweza kuwa ngumi iliyokunjwa.

Jumapili, 25 Februari
Nimemwomba radhi. Amesema chai inapoa.

Jumatano, 28 Februari
Vidole vitano. Mawingu yameshika milima ya juu mtoni.

Ijumaa, 1 Machi
Kuona: mita 4. Mvua ya kwanza imenyesha huko bara.

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta mwalimu, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, amesimama mbele ya kioo kirefu, gauni limejaa pini, na mama amepiga magoti anapima pindo. Mwalimu ni mtu wa watu, anaongea hata akichomwa sindano. Alikuwa anasimulia maswali aliyotunga ya mtihani wa historia.

"Nimewawekea na ile meli, maana bamba linakuja. Swali la kumi na mbili: taja chanzo cha kuzama kwa meli. Jibu rahisi tu, uzembe wa fundi. Alama mbili za bure hizo."

Mama alichomeka pini moja zaidi. Kisha akaanza kuzichomoa, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye kimto. Akainuka kwa kushika meza.

"Vua, mwalimu."

"Tayari?"

"Hapana. Tafuta fundi mwingine. Wa hapa ni mzembe wa kurithi."

Mwalimu alicheka kwanza, akifikiri ni utani. Akanitazama mimi. Akamtazama mama, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake: umri, mji, meli. Akaweka kiganja mdomoni.

"Mama yangu, sikujua."

"Ndiyo hivyo hujui. Na unatunga mtihani." Mama alimkunjia gauni vizuri, mikono ndani, akampa. "Kwa swali la kumi na mbili usimpe mtoto yeyote alama mpaka nikuambie."

Mwalimu alipotoka, mama alifunga mlango wa duka saa kumi na nusu, jambo ambalo sikumbuki kuliona.

"Ile kanuni," alisema. "Ni ya ngapi?"

Jumatatu, 4 Machi
Kuona: mita 3.

Mama amekuja kituoni na gauni lake la bluu ambalo huvaa kwenye misiba ya watu anaowaheshimu. Alisimama mbele ya ile picha ya ukumbini kama mtu anayekagua mshono. Kisha akaingia kwa Mkuu bila kubisha. Mimi niliitwa kuchukua maelezo, kwa kuwa karani alikuwa ameenda posta. Hiyo ndiyo sababu pekee.

Mkuu akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mchoraji?"

"Ndiyo mimi, mama. Karibu ukae."

"Nitakaa tukimaliza. Nimekuja kupinga mstari wa tano. Mimi ni binti wa fundi wa mitambo. Kanuni ya kumi na nne."

Mkuu alinitazama. Mimi niliangalia kalamu yangu. Akamweleza mama, kwa ule upole wake, kwamba mambo ya chini ya maji ni ya kitaalamu, kwamba giza, mkondo, kwamba binti yake ana uchungu unaoeleweka.

"Umechora michoro mingapi maishani?" mama akauliza.

"Mikubwa? Arobaini hivi."

"Mimi nguo sizijui idadi. Na nilizoharibu nazikumbuka zote. Wewe uliyoharibu ni ipi?"

Mkuu akavua miwani.

"Ninachokijua mimi," mama aliendelea, "mtu akikosea mshono hufumua. Kufumua si aibu. Aibu ni kumvalisha mteja na kumwambia mwili wake ndio umepinda. Umemvalisha baba yangu miaka ishirini na moja. Nigongee mhuri kwamba nimefika."

Mkuu alisema kufika kwake hakumaanishi ameshinda.

"Sikuja kushinda. Nimekuja kuandikishwa."

Akagonga mhuri. Ndipo mama akakaa.

Jumanne, 5 Machi
Kuona: mita 2, kwa kukisia.

Sajenti ndiye aliyenisimulia. Saa moja asubuhi Mkuu alifika bandarini amebeba suti yake ya kuzamia. Ina ukungu mabegani na zipu yake ilivutwa na watu wawili. Hajazamia miaka kumi na moja, tangu sikio lake lilipoumia. Sajenti akamwambia maji machafu, Mkuu, subiri msimu ujao. Mkuu akasema, "Nionyeshe kamba nyeupe iko wapi."

Walishuka. Sajenti anasema hapakuwa na cha kuona, ilikuwa kama kuogelea ndani ya chai ya maziwa. Mkuu alifuata kamba kwa kiganja kutoka kwenye bawaba hadi ndani. Alipapasa mti wa koki. Akarudi akapapasa bawaba. Akaingia tena. Mara tatu. Alipopanda botini sikio lilikuwa linatoka damu, akakataa kufutwa.

"Kasema nini?" nikamuuliza Sajenti.

"Kasema tumrudishe nchi kavu."

Alhamisi, 7 Machi
Kuona: mita 1.

Kamati imekaa ukumbini: Mkuu, bibi wa makao makuu aliyesafiri tangu jana, na mwanasheria kijana mwenye mafua. Mama upande wa pili wa meza, mimi nyuma yake. Nilikatazwa kuzungumza, kwa hiyo niliandika.

Bibi wa makao makuu alikuwa amejiandaa. Alisema wameheshimu sana pingamizi, na kwa kuwa kuna michoro miwili isiyokubaliana, wanapendekeza mstari wa tano usomeke hivi: "Chanzo cha kuzama hakijulikani." Alisema ni maneno ya haki kwa pande zote. Mwanasheria akapiga chafya kwa kukubali.

Nilijua wengi wangelipokea hilo. Nilikiri moyoni kwamba mimi mwenyewe, Januari, ningelipokea na kushukuru.

Mama alifikiri. "Miaka hamsini na minne mlikuwa mnajua," alisema. "Mlijua mkaandika kijitabu. Mlijua mkaweka kwenye mtihani. Leo mimi nimekuja, ndiyo hamjui?"

"Mama, ni lugha ya kitaalamu tu."

"Mlipomlaumu mlitumia lugha ya kila mtu. Kumsafisha nako mtumie hiyohiyo."

Bibi wa makao makuu akamgeukia Mkuu. "Mchoro wa awali ni wako. Wewe unasimamia upi?"

Mkuu alikuwa na pamba sikioni. Alikuwa ameukunjua mchoro wake wa zamani mbele yake na anausawazisha pembe kwa viganja, kama kitambaa.

"Kushoto na kulia nilizikosea," alisema. "Nilisahau kumgeuza."

Alisema "kumgeuza", kama meli ni mtu. Nimeandika alivyosema.

Nilidhani mama atamshukuru. Hata mimi nilikuwa karibu kufungua mdomo. Mama alisogeza karatasi tupu mbele ya Mkuu na kumwekea kalamu juu yake.

"Andika," alisema. "Anza na jina lake. Yote matatu."

Jumamosi, 9 Machi
Kuona: hakuna. Ghuba yote ni rangi ya udongo.

Fundi zege amesaga mstari wa tano jana na kuchonga upya kutwa nzima. Juu kuna majina matatu ya babu. Chini yake: "Fundi wa mitambo. Alishuka akafungua koki ya upande wa kulia, ilivyopasa. Hakupanda tena." Herufi za sentimita nne. Mama alipita na futikamba yake mwenyewe akazihakiki. Kisha akaniagiza nipite kwa mwalimu nimwambie swali la kumi na mbili sasa lina jibu.

Hakuna mzamiaji anayeweza kushusha kitu kwenye maji haya, kwa hiyo bamba litangoja msimu ujao. Watu wanne wamelibeba wakaliegemeza kwenye ukuta wa ukumbi, ambako kila anayeingia ofisini lazima apite, akiwemo Mkuu, mara nne kwa siku. Jumatatu narudi kwenye meza yangu ya kuchorea. Kijitabu kimeondolewa getini. Kipya nitaandika mimi, nimeshawaambia, wala sikuuliza.

Sajenti alitazama bamba akasema miezi kumi ni mingi, litajaa vumbi, afadhali tuligeuze uso uelekee ukutani.

Nikamwambia litakaa hivyohivyo. Vumbi tutapangusa.